Karanga za Kondo

Vitabu vilivyokamatwa bandarini havikuchomwa.
Nchi ilikuwa na njaa ya karatasi.
Vilipimwa kwa kilo, vikatolewa mlango wa nyuma
wa ghala moja la Kurasini,
na Kondo, muuza karanga wa Mnazi Mmoja,
akajinunulia gunia kwa bei ya kuni.
Kusoma hakujua. Alijua kusokota:
karatasi moja, pembe moja, thumuni.

Nditi ndiye aliyeanza.
Alimaliza karanga, akakunjua karatasi afute chumvi vidoleni,
akaganda pale pale, jua la saa saba utosini.
Ukurasa wa 112. Mwanamke, nchi ya theluji,
anamuuliza karani wa serikali:
mume wangu mmempeleka wapi?

Tangu siku hiyo tukawa walafi.
Nauli ya kurudi Magomeni tuliitafuna,
tukavuka Jangwani kwa miguu, matumbo yanaunguruma,
mfukoni ukurasa wa 41, wa 198, wa 7.
Mama akasema mtoto huyu ana minyoo.

Chumbani kwa Salma Pazi, dirisha limezibwa kwa kanga,
koroboi moja, kamusi iliyokatika mgongo.
Salma anatafsiri, sisi tunaandika daftarini.
Mafuta yalikuwa yamelowanisha karatasi
hata maneno ya upande wa pili yakachungulia:
mtu amekufa ukurasa wa mbele,
kwa nyuma bado anakoroga chai.

Theluji hatukuijua. Salma alisema
ni barafu ya samaki ya pale Feri, ile iliyopondwa,
ila hii inaanguka yenyewe, haichagui kichwa.
Karani, huyo tulimjua.
Tuliijua meza yake, na benchi la kusubiria
lenye mguu mmoja mfupi.
Baba yake Salma alilikalia siku tatu,
siku ya nne benchi lilikuwa tupu.

Kondo alitushtukia, hakuuliza.
Jioni moja akanivuta kando.
"Herufi zinanishinda. Lakini namba nazijua."
Akatoa chini ya sinia karatasi kumi na tisa,
zimefuatana, hazijasokotwa hata moja.
"Hizi mtanilipa mkikua."

Basi ukafika mkutano wa vijana wa kata.
Mwenyekiti ameshasema hakuna swali,
Nditi akanyoosha mkono.
Nditi, ambaye darasani akiitwa jina alikuwa anajikojolea!
Akasimama, akasema taratibu, kama anayesoma,
maneno ambayo mwanamke wa theluji alimjibu karani:
"Anayeliogopa swali langu
ndiye anayelijua jibu lake."
Feni ya dari ikasikika.
Nyuma kabisa mtu akapiga kofi moja, akaacha.

Jumatano wakamfuata, wawili, shati zimechomekewa.
Miezi saba.
Alirudi na magego yameng'oka upande mzima,
akauliza kama daftari lipo.
Lilikuwepo. Lilikuwa limeshanakiliwa
mpaka Temeke, mpaka Keko, kwa miandiko nisiyoijua.

Juzi nimepita Mtaa wa Samora.
Kitabu kizima, dirishani, jalada linang'aa,
hakuna anayekikataza
wala anayekisogelea.
Nikalipa, nikaenda moja kwa moja 112.
Mwanamke yupo. Karani yupo. Theluji ipo.
Maneno yale hayapo.
Mwanamke anaulizwa jina, anataja jina,
anafunga vifungo vya koti, anatoka.
Nikasoma mbele, nikarudi nyuma, mpaka adhana ya alfajiri.
Hayapo.

Nikampigia Salma. Alikaa kimya muda mrefu,
nikasikia maji yanachemka jikoni kwake.
"Pale palikuwa na doa la mafuta," akasema.
"Sikuona kitu. Nikajaza."

Nditi hatujamwambia.
Kila Ijumaa namtwangia karanga kinuni,
anakula kwa kijiko,
na chumvi anafutia kwenye gazeti,
akishalisoma.