Safu ya Nne, Upande wa Kushoto

Eulogio, Gaspar kaniletea televisheni
pana kama mlango wa zizi,
na diski moja inayometa.
"Bibi," kasema, "filamu ya babu wameisafisha,
picha baada ya picha, vumbi lote limetoka."
Nikamwuliza: vumbi la Níjar,
litoke liende wapi?

Wakumbuka mkanda wetu wa zamani,
tulioutazama hata ukaota mistari?
Jeshi zima lilikuwa uji.
Ulinyoosha kidole, "Yule pale, ndiye mimi!"
na kila mwaka ulikuwa mtu mwingine.
Práxedes wa duka la nyuzi alinong'ona
kwamba hukuwamo kabisa,
kwamba kazi yako ilikuwa kuwanywesha farasi.
Nami, Mungu anisamehe,
nilikwisha anza kumwamini.

Leo naona hata nisivyotaka kuviona.
Naona gundi kwenye ndevu za askofu,
wanja wa malkia ukichuruzika kwa jasho,
nzi juu ya ramani ya dunia.
Kwa saa moja na nusu Jenerali amezaliwa,
ameoa mara mbili, amevuka milima ya theluji
(ile chumvi ya mkokoteni, uliniambia,
mlilamba vidole mlipochoka),
na joho lake bado jeupe pe.

Kisha likaja bonde.
Bonde lenyewe, Eulogio, kabla ya plastiki,
kabla ya nyanya za kiangazi na masika
kulifunika toka barabarani mpaka baharini.
Mwamba wa Punda upo. Mkuyu wa Ginés upo.
Gaspar hakuyajua. Kakulia juu yake, hakuyajua.

Safu ya nne, upande wa kushoto.
"Simamisha!"
Mkono wangu ulitangulia akili yangu.
Ngao imeshuka kidogo, bega li wazi,
na juu ya bega kovu la chanjo,
duara, kama alama ya kitako cha kikombe.
Karne ya Jenerali hakuna aliyechanjwa.
Wewe walikuchanja kambini Melilla,
mkono ukavimba juma zima,
ukaniandikia barua kwa mkono wa kushoto
nikadhani umelewa.

Gaspar akacheka: "Bibi, hili ni kosa la waongozaji!"
Nikamwambia: kosa hilo
nimelala kando yake miaka arobaini na mmoja.

Basi, akaachia picha iende.
Mkuki ukakuingia. Ukaanguka vibaya mno,
kama mtu anayechagua mahali pasipo na mawe.
Jenerali akapanda farasi, akaanza kuhutubu,
tarumbeta zikapanda naye,
na dunia nzima inamtazama yeye.

Mimi nikabaki chini, kwenye kona,
palipolala maiti.
Na maiti alikuwa anapumua.

Peseta mia mbili na mkate wa dagaa,
kwa sharti moja: aliyekufa atulie.
Na hilo nalo likakushinda!
Kifua kinapanda, taratibu, kwa wizi,
kinashuka, kinangoja, kinapanda tena.

Kule hospitali nilishuka kununua kahawa.
Mashine ilikataa sarafu yangu ya kwanza.
Nikaifuta kwa aproni, nikajaribu nyingine.
Dakika sita, labda saba.
Niliporudi shuka ilikwisha kufika usoni,
na muuguzi akasema, "Ameondoka kimya,"
kana kwamba ni sifa.

Gaspar anauliza kama tuendelee,
maana Jenerali mwenyewe hajafa bado.
Mwache. Yeye atakufa vizuri,
kwa mishumaa, na binti wa kumshika mkono.
Rudisha nyuma kidogo, mwanangu. Zima sauti.
Hapo.
Ngoja nihesabu.

Moja. Mbili.
Ya tatu fupi, pengine nzi amekupitia puani.
Ya nne.
Ya tano ndefu, ya kushiba,
kama ya mtu aliyesahau kwamba yuko kazini.