Moshi Mwembamba

Matone matano. Sita, kama asubuhi ni ya baridi.
Ukifika kumi utambi unazama,
bomba linatema mafuta juu ya boila
na badala ya moshi unapata makohozi.
Nilijifunza hapa Makomeno, kwenye meza ya kulia,
kwa kulimwagia garimoshi langu upendo kupita kiasi.

Mwili wake ni makopo ya maziwa.
Bomba ni shaba, kipande cha mfereji
nilichopimiwa kwa kilo na kijana wa Katuba;
sikumuuliza kimetoka wapi.
Waya wa joto nimeutoa kwenye pasi iliyokufa,
utambi ni pamba ya godoro,
na mafuta ni yale ya duka la dawa,
ya watu waliofunga choo.
Mafuta ya taa? Usithubutu.
Niliyatia mwezi wa nne, na Ngosa mke wangu
akahamia kwa dada yake siku mbili.

Safisha bomba kwa unyoya wa kuku.
Volti tisa. Kumi na mbili, umeunguza utambi,
nyumba itanuka kama saluni.
Umeme ukikatika, nao utakatika,
chukua betri ya pikipiki, ungoje.
Joto halipigiwi kelele.

Nikalifungia bomba la sindano ya zahanati, bila ncha,
liwe pistoni: gurudumu likizunguka
linasukuma pumzi, puf, puf,
moshi ukapata mwendo wa miguu.

Lakini mimi nilitaka mweusi, mzito, wa kujaza dari,
kama nilivyomwazia baba, Mwilambwe wa koleo,
akiingia Kamina juu ya wingu lake mwenyewe.
Hadi nikakumbuka neno lake, akinawa shingo uani:
moshi mweusi ni aibu ya mpiga makaa.
Ni makaa yaliyotupwa angani,
ni jicho la dereva likikugeukia.
Tia kidogo, tandaza, funga mlango wa tanuru.
Ukipiga vizuri, mtu wa kando ya reli
ataona tu miti ikitetemeka kwa joto.

Miaka thelathini na mmoja
alipigana na kitu ninachokitafuta.

Leo, Juni, saa kumi na mbili asubuhi,
baridi inauma vidole. Nimefungua dirisha.
Nyuma ya reli nimetundika kitambaa cheusi
alichokivaa mama mwaka mzima,
kisha akakikunja na naftalini.
Matone matano. Volti tisa.

Ukatoka. Uzi mweupe
mbele ya weusi ule,
kila pumzi peke yake,
hata ningeweza kuzihesabu.

Mama akaingia na chai. Akasimama.
Nilidhani atauliza habari ya kitambaa.
"Huyo anapiga vizuri," akasema,
akatafuta mahali pa kuweka kikombe
asiguse reli.