Kiti cha Tatu

Majina tisa kwenye karatasi, mawili yamekosewa.
Nasimama penye mlango wa kutokea, kibao mkononi,
mimi Evanthia, mjane wa Makis, dereva wa gari
ambalo benki bado inalidai miaka minne.
Wanatoka wakiburuta masanduku,
wamejipaka mafuta ya jua kabla jua halijawaona.

"Ndilo hili?" auliza bwana mwenye kofia ya ukindu.
Ndilo. La kushirikiana. Umelipa nusu bei,
basi utanusa jasho la usiyemjua,
utamngoja nusu saa mtu asiyekuhusu
ambaye sanduku lake limekwama ndani.
Hayo simwambii. Natabasamu. Tabasamu limo kwenye nauli.

Huko nyuma wanaganda, huku mbele wanaungua.
Nazungusha kitufe cha kipoza hewa
kilichokufa tangu Pasaka,
na wote wanashukuru.

Lasi, wawili wanashuka.
Argostoli, watatu, na mtoto anarudi mbio kufuata kiatu.
Waliobaki wanahesabu vituo vya wenzao
kama mtu ahesabuye matonge ya jirani:
kwa nini wao kwanza? Bado sana?
Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wangu hukaa siku saba na jembe hawalioni,
ila leo ni Jumatano,
na badala ya kushika njia ya mlimani
nakata kushoto, nasimama mbele ya hospitali.

"Hapa si hotelini," yasema kofia.

Mzee Dionisis anakuja polepole, bandeji mkononi,
damu yake imetoka kusafishwa na kurudishwa.
Januari gari hili hili huwabeba wa figo,
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, mvua ikilia juu ya bati,
na kiti cha tatu ni chake, fimbo yake imekitoboa ubavu.
Kiangazi kampuni hununua viti vyangu vyote.
Lakini figo hazijui kiangazi.

Kwenye kiti cha tatu umekaa mkoba wa mke wa kofia,
umekaa kama mtu.
"Huyu amelipa?"
"Amelipa," nikasema,
na sikusema nini.
Mkoba ukapakatwa.

Tulipanda mlima. Mbuzi walilala katikati ya lami,
nikapiga honi, wakanitazama kama mimi ndiye mgeni.
Kwenye kona ya nne mzee akasinzia,
kichwa kikamwangukia mwanamke wa kando,
Mholanzi, Sjoukje, jina ambalo karatasi yangu
ililiandika mara mbili, mara zote vibaya.
Nilimwona kwenye kioo. Alikakamaa.
Kisha akashusha bega kidogo,
kama ushushavyo kapu lenye mayai.

Sami. Hoteli yake, taa zimewaka, kijana wa mapokezi kibarazani.
Nikafungua mlango. Hakusogea.
"Umefika," nikamwambia.
Alinyoosha kidole kuelekea kichwa chenye mvi,
akanong'ona kwa Kiingereza chake na changu:
"Endesha."

Kofia ikavuta pumzi ndefu. Haikusema kitu.

Ayia Efimia nikamwamsha mzee mimi mwenyewe.
Akafuta mdomo, akaomba radhi kwa Kigiriki,
akampapasa yule mama begani kama apapasavyo punda wake,
akaenda zake bila kugeuka,
maana alidhani ni Januari,
na Januari hatuagani.

Nilipeleka waliobaki hadi Fiskardo.
Kurudi tulikuwa wawili tu, madirisha wazi,
Sjoukje mbele kando yangu, akisugua bega lililokufa ganzi.
Nilitaka kumwambia jambo. Kiingereza changu
kinajua bei, na dakika, na samahani.

Tulipofika Sami, kijana wa mapokezi alikwisha kulala.
Tukagonga sana, pamoja,
yeye kwa mkono wa kulia peke yake.