Haisikiki

Majuma kumi na mawili tulivaa kadi iliyoandikwa MGENI.
Kadi za wanagenzi ziko njiani, walisema,
nasi hatukuuliza ni njia gani, wala amezibeba nani.

Tulikuja watatu na barua zenye mihuri ya buluu:
Wekulo wa sayansi ya siasa, aliyepangiwa chai,
akahitimu kwa kujua mheshimiwa yupi ana kisukari
na yupi husema anacho ili aonewe huruma;
Amondi wa sheria, aliyehesabu viti vya ukumbi mara nne
maana kila hesabu iligombana na stakabadhi;
na mimi Khasoha, wa lugha,
niliyepewa visikizio vilivyofungwa plasta
nikaketishwa idara ya Hansadi.

"Huku hatutungi," akasema Bwana Lutomia. "Tunaandika."
Akanifunza mabano: [Kicheko]. [Makofi].
[Mheshimiwa anatoka nje].
Nikajifunza kuwa dakika ishirini za ghadhabu
ni kurasa mbili na nusu,
na kwamba "nimesema na nitasema tena"
huchapwa kila anaposema tena.
Nilizijua pumzi zao. Gizani ningekutajia wadi
kwa namna mtu anavyokohoa kabla ya kutaja pesa.

Mchana, ndondo na chapati moja,
Amondi akiigawa kwa rula.
Tulijiita Kamati ya Njaa. Hoja zetu zote zilipita.

Kisha Jumanne ile.
Mama Kadenyi, kutoka ng'ambo ya mto,
alileta ombi la daraja kwenye karatasi ya mistari,
sahihi sabini na tatu, nyingine za dole gumba.
Nilikuwa roshani, nimetumwa kupeleka maji.
Saa tisa, kama ilivyo ada ya Kakamega,
mbingu ikamwaga mawe juu ya mabati.
Karani akasoma. Nikaiona midomo tu.
Lakini mama, kando yangu, alikuwa akisoma pamoja naye,
kwa ghibu, polepole,
kama anayemwombea mtoto asikosee darasani:

*Mwaka wa kwanza tulifunga magogo kwa waya.
Mwaka wa pili tukafunga tena.
Mwalimu wa chekechea huwavusha wawili wawili,
viatu shingoni.
Hatuombi lami.
Tunaomba mahali pa kukanyaga.*

Nyundo ikagonga. Lipelekwe kwa kamati.
Mama akaniuliza, "Wamesikia?"
Nikampa glasi ya maji iliyokuwa ya mtu mwingine.

Jioni nikacheza kanda.
Dakika nne za mvua.
Nikaongeza sauti, nikapata mvua kubwa zaidi.
"Lakini mimi nililisikia," nikamwambia Bwana Lutomia.
"Kifaa kilisikia nini?"
"Mvua."
Akavua miwani, akaipangusa ingawa ilikuwa kavu.
"Binti yangu, ningeandika niliyoyasikia mimi
tangu niajiriwe, jengo hili lisingetosha faili."
Akanisubiri.
Nikachapa: [Haisikiki].
Herufi tisa kwa sahihi sabini na tatu.

Usiku, chumbani Amalemba, nikafungua daftari la chuo,
lile lenye mistari mitano kwa kila juma
chini ya "Kazi Uliyofanya".
Nikaandika magogo. Nikaandika waya, na viatu shingoni.
Mistari ikaisha, nikapanda pambizoni,
nikauzunguka ukurasa mzima kama siafu,
hata Wekulo akaniuliza ni barua ya nani.

Juma la mwisho kadi zetu zikafika.
Yangu iliandikwa Khasowa.

Siku hiyohiyo mhadhiri akaja kutukagua,
teksi ikimngoja langoni, injini haijazimwa.
Akapiga sahihi juma baada ya juma, bila kuketi,
ila kwenye ukurasa ule alisita.
Aliugeuza daftari likazunguka naye, kichwa upande,
akifuata maandishi yangu hadi kona ya chini,
hadi mahali pa kukanyaga.
Kisha, kwa wino mwekundu, katika nafasi ndogo iliyobaki:

*Punguza maneno.*