Mabomba Thelathini na Moja

Kisima cha kwanza nilichotoboa hapa Karapınar
kilihitaji mabomba manne.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, masharubu bado uvumi,
na maji yalitoka kwa pupa ya mgeni aliyechoka kubisha hodi:
yalimlowesha mzee Satılmış mpaka kofia,
akacheka, akanipa kondoo.

Mwaka huu kwa Hacer nimeshusha mabomba thelathini na moja.
Bomba moja mita sita. Fanya hesabu mwenyewe,
mimi nimechoka kuifanya.
Kilichotoka ni tope la kijivu, kisha hewa,
kisha maji membamba kama mkojo wa mtoto mwenye homa.

Wanasema mvua. Ni kweli, mvua.
Na theluji pia, maana ngano ya huku hupandwa Oktoba,
hulala chini ya theluji baridi nzima
kama mtoto chini ya blanketi.
Januari hii blanketi halikuja.
Baridi kavu iliikuta ngano uchi,
ikaichapa hadi ncha zikageuka rangi ya chai.
Aprili ikapita na mawingu ya kuazima.
Mei, masuke yangali maziwa,
siku nne za joto la Julai zilipotea njia zikaingia shambani,
na maziwa yakakauka kabla hayajawa punje.
Nilipukusa suke moja kiganjani, nikapuliza:
pumzi ilichukua makapi,
ikachukua na ngano.

Basi kila mtu akageukia chini.
Hacer kapanda viazi sukari, Rıdvan mahindi,
mimea isiyojua kusema imetosha,
juu ya tambarare ambayo mbingu huipimia kwa kijiko.
"Toboa," wakaniambia. Nikatoboa.
Tena usiku, taa nimeivika gunia, kibali sina,
kwani kiazi hakisomi barua za serikali.
Wanangu walikula kwa mashimo yale. Sikatai.

Alfajiri ya Jumanne ardhi ilipiga kite.
Si kishindo. Kite, kama ng'ombe anayezaa peke yake.
Mbwa wa Hacer hakubweka; aliingia chini ya trekta.
Tulipofika, katikati ya matuta
palikuwa na duara, kana kwamba limechorwa kwa bikari,
nyumba sita zingeingia zisigusane,
na kutoka humo ubaridi ulitupanda magotini.
Bomba la kumwagilia lilining'inia ukingoni
likidondosha tone,
na tone,
na hatukulisikia hata moja likifika.

Yule binti wa chuo kikuu, Tülin, alipima, akaandika,
akatuambia chini yetu ni mawe ya chokaa, yana mapango,
na maji ndiyo yaliyokuwa yakishikilia dari.
"Mmekunywa nguzo," akasema. Taratibu, bila kutulaumu,
na hilo ndilo lililoniuma.

Hacer hakumsikiliza. Alikuwa akihesabu matuta yaliyobaki
kwa kidole, midomo ikicheza.
Halafu akanigeukia mimi:
"Ule upande wa magharibi, ukijaribu,
utataka mabomba mangapi?"

Mbingu ilikuwa buluu, safi, sinia lililolambwa.
Jibu nilikuwa nalo. Mtu wa kazi hii hulijua kwa nyayo.
Niliinama nikafunga kamba ya kiatu
ambayo haikuwa imefunguka.