Silabi Mbili

Saa kumi na moja na nusu, Ntyuka bado giza,
nafungua kabati, nazitoa kwenye chaji
redio za upepo tisa, kila moja na namba yake
kwa rangi ya kucha niliyomwibia dada yangu Nyemo.
Taa ya kijani, imeshiba, iende kazini.
Betri yenye tumbo, kama mbuzi aliyevimbiwa,
naiweka kando, siitii huruma.

Wanakuja, leso puani.
Ndahani, namba tatu. Ishike mwili, acha antena,
huo si mkia wa panya.
Masinjila, namba saba. Ukiwa kwenye usukani
mwache wa pembeni ajibu.
Na wewe mgeni, Lechipya, sogea.
Bonyeza. Hesabu moja, kimoyomoyo. Ndipo useme.

Anacheka. Wote hucheka siku ya kwanza.

Ilikuwa Agosti, upepo ule wetu unaotafuta mabati ya watu,
vumbi la kokoto limening'inia machimboni,
lori hulioni, unaona taa zake tu.
Nilikuwa juu ya kifusi, ndimi mwongozaji.
Chini, lori la Masinjila.
Nyuma ya lori, Chibago,
ameinama anafunga kamba ya kiatu.
Kamba ya kiatu, jamani.

Nikasema: Usilirudishe!
Kinywa kilitangulia kidole.
Redio haina hila, hupeleka ilichokabidhiwa.
Ikapeleka: lirudishe.

Jaribuni wenyewe. Ondoeni u, ondoeni si,
mwone kinachobaki kinavyosimama wima,
amri kamili, haina hata kilema.
Masinjila ni mtiifu. Akalirudisha.

Chibago tulimsikia bila redio.

Vidole viwili vya mguu wa kushoto havikurudi Ntyuka.
Nilimpelekea zabibu hospitali, kilo nzima,
nikakaa nazo mapajani kama mtu aliyesahau alichofuata.
Yeye akafunua shuka.
"Hawa walioondoka nimewapa majina.
Mkubwa anaitwa U. Mdogo wake, Si."
Akacheka mpaka muuguzi akaja.
Mimi nilitoka, nikasimama kwenye mapipa ya taka
hadi nikaweza kurudi ndani.

Tangu hapo neno hilo nimelifukuza kazi.
Asiyetakiwa kusogea anaambiwa simama.
Asiyetakiwa kuwasha anaambiwa zima.
Neno la hatari lianze na mfupa wake mwenyewe,
likikatwa kichwa, kiwiliwili kisigeuke adui.
Na aliyeambiwa simama ajibu, nasimama.
Nisipomsikia, hajasikia.

Siku za baruti hata hilo hatusemi.
Ndahani anapotandaza nyaya za fataki
redio zote zinarudi kabatini, zimezimwa,
maana mawimbi hayana macho,
hayatofautishi waya na sikio la mtu.
Tunakuwa mabubu wenye bendera nyekundu,
na kilima kinasikia tunavyokohoa.

Nyumbani Nyemo analalamika.
Mwanawe akikaribia jiko la mkaa
nasema: Mkono! Nyuma!
Eti naongea kama askari.
Ameniuliza mara ngapi kwa nini.
Nimemwambia ni mazoea ya kazi, nikaomba chumvi.

Chibago siku hizi yuko langoni, namba tano.
Jioni anawahesabu watu wakitoka,
kisha anabonyeza, nami stoo nasikia
ule mkwaruzo mdogo, halafu kimya,
kimya cha moja, hakizidi,
ambacho kila siku kinanikuta nimeshika kitu
na kila siku nakiweka chini.
"Chibago, langoni. Wote wametoka."

Wote wametoka, namrudishia.

Anakuja akichechemea, ananikabidhi redio.
Imejaa vumbi kwenye vitundu vya spika.
Natafuta mswaki wa zamani, naifuta.