Dakika Mbili za Supu

Łódź, Februari. Ghorofa ya tatu ya kiwanda
kilichosokota nyuzi hadi kazi ikahamia kwingine.
Kulabu za chuma bado ziko nguzoni,
na vumbi jeupe ambalo ufagio haujawahi kulishinda.

Bogna amezichomoa nyaya zote,
kazikunja, kazitia katika sanduku la viazi.
"Leo," asema, "tumekatwa vitovu."

Ireneusz yuko dirishani, kinanda mapajani.
Halszka yuko ngazini na mashine ya ngoma
isiyozidi mkate kwa ukubwa.
Mimi niko nyuma ya nguzo na kisanduku cha besi
ambacho betri yake nimeipasha joto kwapani.
Hatuonani. Vyombo vyetu vyaitana kwa taa:
buluu ikipepesa, yatafuta,
buluu ikitulia, imepata.

Pigo la Halszka lilinifikia limechelewa
milisekunde arobaini. Si kitu, ni kope kushuka nusu,
lakini mguu huujua uongo kabla ya sikio.
Bogna akapima, akatukana kwa upole,
akapunguza: thelathini, kumi na nane, tisa.
Tisa ni mtu aliyekaa mita tatu kutoka kwako.
Kwa hesabu, basi, tukawa chumba kidogo.

Na muziki ukaja, sijui kwa mlango gani.

Saa tatu usiku ukavunjika.
Ngoma ikamenyeka vipande vipande,
noti moja ya Ireneusz ikang'ang'ania
kama kengele ya mgeni asiyejua kuondoka.
Taa zote zikaanza tena kutafuta.
Bogna kapiga magoti. Mimi nabadili masafa.
Halszka anaitazama dari, kana kwamba dari ina deni.

Kisha, kutoka chini: *ting!*
na harufu ya bitiruti ikapanda ngazi.
Wiesiek, mlinzi, amepasha supu yake.
Maikrowevu yake husema kwa mawimbi yaleyale yetu,
ila yenyewe hupayuka.

Bogna alishuka kumkataza.
Akarudi akitafuna mkate wa watu.
"Hula saa tatu," akasema. "Dakika mbili tu."

Tangu hapo muziki wetu una shimo.
Ikifika saa tatu twaondoa vidole,
twasikiliza bakuli likizunguka huko chini
kwa mvumo mmoja, ambao Ireneusz anaapa
umepungua kidogo chini ya noti.
Hakuna anayekohoa.
*Ting.*
Hapo ndipo Halszka huanza kuhesabu.